Kabrasha, timu au trei: njia tatu za kutunza katheta za muda mrefu, na ipi inaifaa hospitali yako

Saa nane usiku, wodi ya wanaume. Vitanda vimejaa, wagonjwa wawili wamelazwa chini kwenye magodoro, muuguzi ni mmoja na mhudumu mmoja. Analetwa mzee wa Mbagala, homa kali, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mkono wa kushoto una fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili itumike kusafishia damu) iliyotengenezwa karibuni, kwa hiyo huo haugusiwi sindano. Wa kulia umeshachomwa mara nne kule dharura na mishipa imejificha. Lakini kifuani, chini kidogo ya mtulinga, inaning'inia mipira miwili ya katheta, yaani mrija ulioingizwa mshipani, mmoja una kibanio chekundu na mwingine cha bluu. Daktari ameandika dripu na dawa ya mshipa, zote za haraka. Muuguzi akaona Mungu kamrahisishia kazi. Akafungua kifuniko cha bluu, akasukuma maji ya chumvi kuona kama njia iko wazi, akaunganisha dripu.

Muuguzi huyo nilikuwa mimi.

Asubuhi akashuka sista wa kitengo cha kusafisha damu. Akautazama mpira, akatazama zile sehemu nne za sindano ambazo zilikuwa zinavuja damu tangu usiku, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko kufokewa: "Dada, humo ndani kulikuwa na heparini. Uliivuta kwanza?"

Sikuivuta. Heparini ni dawa ya kuzuia damu kuganda, huachwa ndani ya mpira ili usizibe. Njia moja ya katheta ya kusafishia damu hubeba karibu mililita 2. Ikiwa imefungiwa heparini ya uniti 5,000 kwa mililita, basi nilimsukumia mzee wa watu kama uniti 10,000 kwa mkupuo mmoja, karibu mara mbili ya dozi tunayomwanzishia mtu mzima aliyeganda damu mguuni. Na hapo sijasema lolote kuhusu kifuniko nilichokifungua kwa mikono isiyo na glovu. Mzee alipona. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kulala vizuri.

Hospitali ile ilikuwa na mwongozo wa katheta. Nilikuja kuuona baadaye: kabrasha la bluu, kurasa zaidi ya sitini, limekaa kwenye kabati la inchaji, na inchaji huondoka na ufunguo saa tisa na nusu alasiri.

Tangu hapo nimefanya kazi sehemu nyingine mbili hapa Dar es Salaam, na kote nimekuta watu wanabishana juu ya jambo lilelile: tufanyeje ili kila muuguzi aiguse katheta ya muda mrefu kwa namna moja? Majibu yanayotolewa ni matatu. Kuna wanaotaka mwongozo kamili na semina kwa wote. Kuna wanaotaka timu ndogo ya wauguzi maalumu, wengine wote wasiguse. Na kuna wanaosema andaa trei iliyokamilika na karatasi ya ukurasa mmoja, uiweke pale pale wodini. Nimefanya kazi chini ya zote tatu, kwa hiyo nalinganisha nilichokiona, na sitajifanya sina upande.

Kwanza, tunaongelea mpira upi

Si kanula ya mkononi. Hiyo inakaa siku chache na ina sheria zake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu kanula hizo mwaka 2024. Hapa naongelea zile zinazokaa wiki, miezi, pengine miaka.

Ipo ya PICC, inayoingilia mshipa wa mkono juu ya kiwiko, ncha yake ikafika karibu na moyo. Ipo ya handaki, inayopita chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia mshipani. Ina kola ya kitambaa, na nyama huota kuizunguka kola hiyo kwa muda wa wiki tatu hivi au zaidi, ndipo inashika. Katheta za kusafishia damu zinazokaa muda mrefu ni za ukoo huu. Na ipo poti, kikopo kidogo kilichozikwa chini ya ngozi, ambacho hakihitaji bandeji yoyote kikiwa hakitumiki.

Kila moja ina tabia yake. PICC haina kola, inaweza kutoka kidogo kidogo bila mtu kujua, kwa hiyo kila unapobadilisha bandeji unapima sentimita zilizo nje na kuziandika. Ya handaki unaangalia kama kola imeanza kuchungulia. Poti haichomwi kwa sindano ya kawaida hata siku moja, ni ya Huber tu, maana ya kawaida inamega mpira wa juu kama mtu anayetoboa embe. Na mgonjwa wa figo hafai kuwekewa PICC kama kuna njia nyingine, kwa kuwa mshipa ule wa mkono ndio utakaohitajika kesho kwa fistula.

Katheta za handaki zilibuniwa ili mgonjwa aende nazo nyumbani. Ile ya Broviac ya mwaka 1973 ilikuwa ya kuwalishia wagonjwa kupitia mshipani wakiwa kwao, na Robert Hickman wa Seattle akaiboresha na kuandika kuhusu yake mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wa kupandikizwa uroto. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linaloleta shida mjini kwetu. Mgonjwa anawekewa mpira hospitali moja, pengine Muhimbili, anasafishwa damu kituo kingine mara tatu kwa wiki, na homa ikimpata usiku anakimbizwa iliyo karibu na nyumbani: Temeke, Amana, Mwananyamala. Mikono mitatu tofauti, na hakuna hata mmoja unaojua wa pili uliweka nini ndani. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa Ocean Road naye ni hivyo hivyo akirudi kwake Gongo la Mboto.

Jingine la kushika kabla hatujalinganisha: katheta ikiwa changa, vijidudu huingia zaidi kwa kufuata ngozi pale ilipochomwa. Ikishakaa siku nyingi, njia yao kubwa inakuwa mdomo wa katheta, pale tunapofungua na kufunga. Daktari anaiweka mara moja. Sisi tunaifungua mara mia.

Zikiwekwa pamoja

| | Kabrasha na semina | Timu ndogo | Trei na karatasi moja |
|---|---|---|---|
| Nani anagusa | Kila muuguzi | Watatu hadi watano | Kila aliyeangaliwa akifanya mara tatu |
| Usiku na sikukuu | Lipo, kabatini | Wako nyumbani, simu | Ipo wodini |
| Pesa inakwenda wapi | Uchapaji, posho | Watu | Vifaa, kila wiki |
| Inavunjika lini | Watumishi wakihamishwa | Wawili wakiwa likizo | Stoo ikikauka |

Kabrasha

Nisilionee. Bila waraka mmoja uliosainiwa hakuna pa kusimama: muuguzi akimkatalia daktari, au familia ikilalamika, au wakaguzi wakija, kabrasha ndilo linalozungumza. Pia ndilo linaloamua mambo ambayo muuguzi hapaswi kuyaamua saa nane usiku, kama heparini ya nguvu gani itumike hospitali nzima.

Tatizo ni kwamba makabrasha mengi yamenakiliwa. Nimesoma mwongozo mmoja uliosema kila mdomo wa katheta uvishwe kifuniko chenye spiriti ndani, cha kutumika mara moja. Vifaa hivyo vipo duniani na vinafaa. Stoo yetu ilikuwa haijawahi kuviona. Muuguzi akisoma ukurasa wa kwanza akakuta kitu asichonacho, wa pili hivyo hivyo, wa tatu hausomi. Na semina za siku mbili hotelini, chai na sambusa, cheti, picha ya pamoja, baada ya miezi sita nusu ya waliopigwa picha wamehamishwa wodi.

Timu

Hapa ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Katika sehemu yangu ya pili tulikuwa watatu tu tunaoruhusiwa kufungua katheta hizi, na mkono unaofanya jambo moja kila siku unapata akili yake. Ukigusa ngozi unajua kama bandeji ya jana iliingiza maji. Ukivuta damu ikaja kwa kusitasita unajua mpira umekunjika au unaanza kuziba, kabla haujaziba. Mgonjwa naye anakuzoea, anakwambia mambo: "Sista, usinikasirikie, juzi niliingia baharini kidogo."

Halafu mmoja wetu akaenda kusomea shahada. Wa pili akaenda likizo ya uzazi. Timu ikabaki mimi na simu yangu, nami nakaa Kigamboni na kivuko kina saa zake. Wakati huo wauguzi wa wodini walikuwa wameshasahau kabisa, maana miaka miwili waliambiwa wasiguse. Waliponipigia usiku niliwaelekeza kwa simu, kitu ambacho timu ilianzishwa ili kisitokee.

Kwa hiyo timu ni nzuri mno pale ambapo katheta zinakuja zenyewe kwa ratiba: kitengo cha kusafisha damu, kliniki ya saratani ya mchana. Wagonjwa wale wale, wauguzi wale wale, saa zile zile. Ukiipeleka kwenye hospitali nzima yenye wodi kumi na watumishi wachache, unajenga nyumba juu ya watu watatu.

Trei

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006 na Peter Pronovost na wenzake. Wodi 103 za wagonjwa mahututi zilifuata mambo matano tu wakati wa kuweka katheta za mishipa mikubwa: nawa mikono, mfunike mgonjwa kikamilifu, safisha ngozi kwa klorheksidini, epuka mshipa wa kinena, toa katheta isiyohitajika. Kiwango cha kati cha maambukizi kikashuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta (jumla ya siku ambazo wagonjwa wamekaa nazo) hadi sifuri ndani ya miezi mitatu. Watu hukumbuka yale matano, wanasahau mambo mawili yaliyoyabeba: vifaa vyote vilikusanywa kwenye kitoroli kimoja, na muuguzi alipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari akiruka hatua.

Ule ulikuwa mradi wa kuweka katheta kwa wagonjwa mahututi, si wa kuzitunza miezi mitatu baadaye kwa mtu anayepanda daladala. Lakini mantiki ya kitoroli inahamia vizuri kabisa. Muuguzi aliyechoka hufanya kilicho karibu na mkono. Kama spiriti iko wodini, gozi iko stoo na glovu safi ndugu ameambiwa akanunue famasi ya nje, hatua zitarukwa, hata awe amesoma nini.

Trei yetu ilikuwa hivi: boksi la plastiki lenye mfuniko, la kuhifadhia chakula, kutoka Kariakoo. Ndani yake, kwa mpangilio wa kutumika kutoka kushoto kwenda kulia: kitakasa mikono, barakoa mbili (ya pili ni ya mgonjwa, au ageuze uso), glovu safi, glovu tasa, klorheksidini yenye spiriti, vipande vya gozi tasa, pakiti za spiriti ya asilimia 70, sirinji za mililita 10, maji ya chumvi ya ampuli ndogo, plasta angavu, vifuniko vipya, kalamu ya kuandikia tarehe. Juu ya mfuniko, karatasi moja iliyofunikwa plastiki.

Karatasi ile haikufundisha, ilikumbusha tu. Sugua mdomo wa katheta sekunde 15 na uache ukauke wenyewe. Hapa nilikuwa nasimama nyuma ya wenzangu nawasikiliza wakihesabu, na ndipo nilipoona vituko. Wengi wanafika saba. Halafu hewa ya Dar ina unyevu, spiriti inachelewa kukauka, na mtu mwenye haraka anaupuliza kwa mdomo. Anasafisha kwa sekunde kumi na tano, kisha anapulizia mate. Mwingine alikuwa anaupepea kwa faili la mgonjwa, faili ambalo limelala kwenye kila kitanda cha wodi. Nikaongeza mstari kwenye karatasi kwa herufi kubwa: USIPULIZE, USIPEPEE.

Mstari wa sirinji nao ulihitaji maelezo. Kwa nini sirinji ya mililita 10 wakati dawa ni mililita mbili tu? Kwa sababu sirinji nyembamba inatoa msukumo mkubwa zaidi kwa nguvu ile ile ya kidole, na mpira uliokwama unaweza kupasuka. Unasukuma kidogo, unaacha, unasukuma, unaacha, ili maji yazunguke na kukwangua kuta za ndani, na unafunga kibanio ukiwa bado unasukuma tone la mwisho ili damu isirudi. Ukikuta pamegoma, usilazimishe.

Udhaifu wa trei niliuona wiki ya sita. Pakiti za spiriti ziliisha, zikaletwa pamba na chupa kubwa ya spiriti iliyofunguliwa siku nyingi. Trei ikawa boksi la plastiki tu. Anayechagua njia hii lazima awe na mtu mmoja, jina lake liandikwe kwenye mfuniko, ambaye kazi yake ni kujaza kila asubuhi, na meneja wa stoo aliyekubali kiwango cha chini ambacho hakishuki.

Mabishano ya ndani ya trei

Ukishachagua njia, bado kuna uchaguzi mdogo mdogo ambao wauguzi hupigania zaidi ya ule mkubwa.

Plasta angavu au gozi? Kwenye vitabu plasta angavu inapendwa: unaona ngozi bila kufungua, na inakaa hadi siku 7. Gozi hubadilishwa kila baada ya siku 2. Lakini vitabu vile vile vinasema mgonjwa anayetoka jasho sana, au kidonda kinachovuja, afungwe gozi. Sasa niambie, Februari, wodi ya juu ghorofani, feni mbili za dari na moja mbovu, nani hatoki jasho? Nimebandua plasta angavu za siku ya tatu zilizokuwa zimejaa maji ndani kama kioo cha gari asubuhi ya mvua, pembe zote zimeinuka. Plasta iliyoinuka haina siku saba wala siku mbili, inatolewa sasa hivi. Kwa mgonjwa wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki mimi nachagua gozi bila kusita: bandeji inabadilishwa kila anapokuja, ratiba na gozi vinaendana, na ni rahisi zaidi. Kinachobaki ni yale mapumziko marefu ya mwisho wa wiki. Hapo tazama jasho la mtu mwenyewe. Kwa PICC ya mgonjwa anayerudi kliniki mara moja kwa wiki, plasta angavu, na umfundishe ndugu yake kutazama pembe. Kuoga kwa ndoo na kopo, kwa njia, ni salama kuliko bafu la mvua kwa watu hawa: anaosha chini ya kifua, juu anapangusa kwa kitambaa. Wamama wengi wanaifunika sehemu hiyo kwa mfuko wa nailoni na kanga juu yake, na hawajafundishwa na mtu.

Klorheksidini au iodini? Klorheksidini yenye spiriti, ikiwepo. Unasugua sekunde 30, unaacha ikauke. Ikikosekana, iodini inafaa lakini inataka subira, angalau dakika 2 ikae kwenye ngozi. Anayepaka na kufuta papo hapo amepaka rangi tu. Kwa watoto wachanga klorheksidini itumike kwa uangalifu, na kabla ya kupaka marhamu yoyote pale mpira unapotokea ngozini soma karatasi ya mtengenezaji, kwani marhamu nyingine hulainisha plastiki ya katheta mpaka ikapasuka.

Heparini au maji ya chumvi ya kufungia? Kwa PICC na katheta za dawa, maji ya chumvi yakisukumwa vizuri yanatosha kwa wagonjwa wengi, na unakwepa dawa hatari kwenye trei. Poti inayopumzika husafishwa takriban kila wiki nne, vituo vingine vimesogeza hadi miezi mitatu. Katheta ya kusafishia damu ni habari nyingine: hiyo inafungiwa heparini au sitreti kwa ujazo ulioandikwa kwenye mpira wenyewe, na kabla ya kuitumia kilichomo ndani kinavutwa na kutupwa. Hili silichanganyi kwenye trei moja. Katheta ya figo iwe na trei yake, kitengo chake, na wodi za kawaida zisiiguse ila mgonjwa yuko kufani na daktari ameandika.

Utajuaje kama uliyochagua inafanya kazi

Kila siku saa ile ile, tuseme saa nne asubuhi, mtu apite ahesabu wagonjwa wenye katheta. Jumla ya mwezi ndiyo siku za katheta. Tuseme ni wagonjwa wanane kila siku kwa siku 30, hizo ni 240. Ukipata maambukizi mawili ya damu, unagawa 2 kwa 240 na kuzidisha kwa 1,000, unapata 8.3. Hospitali ndogo isishangilie wala kulia kwa mwezi mmoja, kwa sababu kwa idadi hiyo mgonjwa mmoja tu anaipandisha au kuishusha namba kwa nusu. Tazama miezi sita.

Na namba hiyo ni upuuzi kama damu ya kuotesha (inayopelekwa maabara kuona kama vijidudu vitaota) haichukuliwi kabla ya antibiotiki. Ichukuliwe chupa moja kutoka kwenye katheta na nyingine kutoka mshipa wa kawaida, wakati mmoja, ujazo sawa. Ile ya katheta ikiota saa mbili au zaidi kabla ya mwenzake, mashine ikiweza kuonyesha muda, hapo una sababu nzuri ya kuushuku mpira. Wodi isiyootesha damu itapata maambukizi sifuri kila mwezi na kupewa cheti.

Kama maabara haina uwezo huo, hesabu kinachoonekana kwa macho: kati ya bandeji kumi ulizozikagua leo, ngapi zina tarehe, ngapi ni kavu, ngapi pembe zimelala. Si maambukizi, lakini haidanganyi.

Kwa hiyo nani achague nini

Kitengo cha kusafisha damu au kliniki ya saratani: timu. Watano, si watatu, na wa sita akiwa anafundishwa muda wote. Trei wawe nayo pia, maana haidhuru kitu.

Hospitali ya rufaa ya mkoa, wodi nyingi, watumishi wanaozunguka: trei na karatasi moja, kila wodi muuguzi mmoja wa kila zamu aliyeangaliwa akifanya mara tatu mbele ya anayejua. Kuangaliwa, si kuhudhuria. Kabrasha liandikwe baada ya trei kufanya kazi miezi mitatu, likieleza kile kinachofanyika kweli, kurasa kumi zinatosha.

Kituo kidogo cha binafsi ambacho kinampata mgonjwa mwenye mpira mara moja kwa mwezi: usijaribu lolote kati ya haya. Jifunze kuutambua, kuufunika, kutougusa, na kupiga simu kwa waliouweka. Kwa mgonjwa mahututi tafuta mshipa mwingine.

Na kwa wote, chochote mtakachochagua, kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji kikao wala bajeti. Sista yule wa kitengo cha kusafisha damu alikianzisha wiki ile ile ya kosa langu. Aliacha kuandika mambo ya heparini kwenye faili, akachukua plasta nyeupe ya kawaida, akaizungusha kwenye kibanio cha kila mpira kama bendera, akaandika kwa kalamu isiyofutika: HEPARINI NDANI. USIFUNGUE. Chini yake namba ya simu ya kitengo, na tarehe. Mzee wa Mbagala aliporudi tena wodini kwangu miezi miwili baadaye, usiku pia, nilimwamkia, akaitika, kisha kabla sijawasha taa vizuri akaikamata ile plasta kwa vidole viwili akaninyooshea niisome.